SHOW APPLICATIONS imerudi tupu: kutatua matatizo ya kuorodhesha programu kwenye Snowflake

Kampuni ya clearing pale Kilindini, hoteli ya Nyali, ofisi ya hesabu ya Moi Avenue, zote za Mombasa: kila mahali pana mtu mmoja anayejulikana kama "yule wa data". Ndiye anayepigiwa simu programu ya kufuatilia makontena ikidaiwa kupotea kwenye Snowflake, mfumo wa kuhifadhi na kuchambua data mtandaoni. Anaandika amri moja, orodha inarudi tupu, na kabla chai haijapoa mkubwa ameshaamua programu isakinishwe upya.

Usiisakinishe upya. Si sasa. Karibu kila mara programu ipo palepale ilipokuwa, na lililobadilika ni wewe unayeuliza.

Amri yenyewe ni hii:

```sql
SHOW APPLICATIONS;
```

Inaorodhesha programu zilizosakinishwa kwenye akaunti yenu, lakini zile tu ambazo jukumu unalotumia wakati huo lina ruhusa ya kuziona. Jukumu (role) ni kundi la ruhusa unalolichagua kwa USE ROLE. Ni kama geti la bandari: pasi yako ndiyo inayoamua utaingia yadi ipi, na kontena usiloliona halijaondoka kwa sababu wewe umezuiwa mlangoni. Snowflake haikwambii kwamba kuna vitu vimefichwa. Inakupa orodha fupi, au tupu, bila ujumbe wowote wa kosa, na hapo ndipo watu hupotea.

Kwa hiyo, dalili iwe ipi, anza na mstari huu:

```sql
SELECT CURRENT_ACCOUNT(), CURRENT_REGION(), CURRENT_USER(),
       CURRENT_ROLE(), CURRENT_SECONDARY_ROLES();
```

Piga picha majibu yake. Ukiishia kumpigia simu msimamizi wa akaunti, hayo ndiyo atakayokuuliza kabla hajasema lolote.

Dalili: orodha ni tupu, na hakuna kosa lolote

*Jukumu silo.* Hii ndiyo sababu inayoongoza, na kwa mbali. Umeingia asubuhi, Snowflake imekupa jukumu lako la kawaida, labda PUBLIC, ambalo kila mtumiaji analo, na PUBLIC haijapewa chochote. Angalia una majukumu gani, kisha badilisha:

```sql
SHOW GRANTS TO USER jina_lako;
USE ROLE mchambuzi_mizigo;
SHOW APPLICATIONS;
```

Kama una majukumu kadhaa na hukumbuki lipi linafungua nini, washa yote kwa pamoja kwa `USE SECONDARY ROLES ALL;` kisha rudia amri. Orodha ikijaa, umeshajua tatizo ni ruhusa. Kilichobaki ni kutafuta ni jukumu lipi hasa, maana kuyaacha yote wazi siku nzima si utaratibu mzuri.

Kama hakuna jukumu lako hata moja linaloiona programu, dawa iko kwa mwenye programu hapo ofisini, yaani jukumu lililoisakinisha. Kila programu ya Snowflake huja na majukumu yake ya ndani yaliyopangwa na aliyeitengeneza, na mwenye programu ndiye anayekuunganisha nayo:

```sql
SHOW APPLICATION ROLES IN APPLICATION mizigo_app;
GRANT APPLICATION ROLE mizigo_app.app_public TO ROLE mchambuzi_mizigo;
```

Jina `app_public` hapo ni mfano tu. Watengenezaji wengi hulitumia, lakini si sheria. Soma majina halisi kwenye jibu la mstari wa kwanza.

Hapa pana onyo. Katika ofisi nyingi njia ya mkato ni kumpa kila anayelalamika ACCOUNTADMIN, jukumu kuu la akaunti, "aone tu, kisha tutamwondolea". Hakuna anayemwondolea. Jukumu hilo linaweza kufuta programu, kubadilisha sera za mtandao na kuona bili. Mtu anayehitaji kusoma orodha hahitaji funguo za nyumba nzima. Ukiambiwa suluhisho ni hilo, simama, mpigie anayehusika na usalama wa mifumo.

*Akaunti siyo.* Shirika moja laweza kuwa na akaunti kadhaa: ya majaribio, ya watengenezaji, ya kazi halisi. Isitoshe, wengi wamejifunza Snowflake kwa akaunti ya bure ya siku 30, na ile dirisha ya kivinjari bado iko wazi pembeni. Linganisha jibu la CURRENT_ACCOUNT() na la mwenzako anayeiona programu. Yakitofautiana, ingia kwenye akaunti sahihi na ujaribu tena huko.

*Unatafuta kitu cha aina nyingine.* Programu iliyosakinishwa ni kitu kimoja. Kifurushi chake, ambacho anacho aliyeitengeneza, ni kitu kingine. Na hifadhidata mliyoshirikishwa na kampuni nyingine ni kitu cha tatu. SHOW APPLICATIONS huonyesha cha kwanza peke yake. Kama nyinyi ndio mnaoitengeneza programu, tumia `SHOW APPLICATION PACKAGES;`. Kama hujui ni aina gani, tumia `SHOW DATABASES;` na usome safuwima ya `kind`: itakuandikia STANDARD, APPLICATION, IMPORTED DATABASE na kadhalika. Hapo utakuta pia hifadhidata iitwayo SNOWFLAKE ikiwa na aina ya APPLICATION. Usishtuke, inakuja na kila akaunti.

*Programu imefutwa kweli, au haikuwahi kumalizika kusakinishwa.* Hii ni nadra, ndiyo maana imekaa mwisho. Msimamizi anaweza kuichunguza kwenye kumbukumbu za maulizo:

```sql
SELECT start_time, user_name, role_name, query_text
FROM snowflake.account_usage.query_history
WHERE query_text ILIKE '%drop application%'
ORDER BY start_time DESC;
```

Kumbukumbu hizo hukaa siku 365, lakini huchelewa hadi dakika 45 kuonekana, kwa hiyo kilichofutwa sasa hivi hutakiona sasa hivi. Na ukirudia ulizo hilo baadaye utajikuta mwenyewe kwenye orodha, kwa kuwa nalo lina maneno "drop application" ndani yake. Usimtuhumu mtu kabla hujasoma `query_text` yote.

Ukikuta kweli imefutwa, usiguse kitu kingine. Mpigie mwenye programu na aliyeiuza au kuitengeneza. Data iliyokuwa ndani ya programu huondoka nayo, na kusakinisha upya hakuirudishi.

Dalili: bila kichujio zinaonekana, nikiweka kichujio zinapotea

Hii husumbua hata waliozoea SQL, kwa sababu vichujio viwili vya amri hii havifanani tabia.

`LIKE` haijali herufi kubwa wala ndogo. `STARTS WITH` inajali. Na majina uliyoyaunda bila alama za kunukuu, Snowflake huyahifadhi kwa herufi kubwa, hata kama uliyaandika kwa ndogo. Kwa hiyo:

```sql
SHOW APPLICATIONS LIKE 'mizigo%'; -- Inaipata MIZIGO_APP
SHOW APPLICATIONS STARTS WITH 'mizigo'; -- Haipati kitu
SHOW APPLICATIONS STARTS WITH 'MIZIGO'; -- Inaipata
```

Anayetoka PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, huteleza hapa zaidi, maana kule majina hukunjwa kuwa herufi ndogo, huku ni kubwa.

Kosa la pili kwa wingi ni kusahau `%`. `LIKE 'mizigo'` hutafuta programu yenye jina MIZIGO tupu, si inayoanza na neno hilo wala iliyonalo katikati. Kwa katikati, andika `LIKE '%mizigo%'`.

La tatu ni mstari wa chini, `_`. Ndani ya LIKE, alama hiyo husimama badala ya herufi yoyote moja. `LIKE 'app_1'` itakuletea APP_1, na APPX1 pia kama ipo. Mara nyingi haina madhara, ila ukiwa umeandika skripti inayosafisha programu za majaribio kwa kufuata orodha hiyo, madhara yapo. Ukitaka mstari wa chini halisi, andika `'app\\_1'`.

Halafu kuna `LIMIT`. Ukiandika `LIMIT 10 FROM 'MIZIGO'` unapata mistari kumi inayofuata jina hilo kwa mpangilio wa orodha, na maneno ya baada ya FROM nayo yanajali herufi kubwa. Ondoa LIMIT kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Akaunti yenye programu zaidi ya 10,000 sijui ni ya nani, lakini kama ni yako: amri za SHOW hukomea kwenye mistari 10,000, na kichujio hakikuvushi mpaka huo.

Dalili: "syntax error ... unexpected"

Mara nyingi alama za kunukuu ndizo zilizoharibika. Mtu ametumiwa amri kwa WhatsApp, au ameinakili kutoka waraka wa Word, na alama zilizonyooka zimegeuzwa kuwa zile zilizopinda. Kwa jicho zinafanana. Kwa Snowflake ni takataka. Zifute uziandike upya kwa kibodi yako.

La pili: umeandika SHOW APPS, au umeongeza WHERE. SHOW ya Snowflake haina WHERE. Njia ya kuchuja kwa safuwima ipo, iko kwenye dalili ya kuchuja kwa SELECT hapo chini.

La tatu: mpangilio. LIKE hutangulia, ikafuata STARTS WITH, LIMIT mwisho. Ukizivuruga, amri inakataa.

Dalili: programu naiona kwenye orodha, lakini nikiigusa naambiwa "does not exist or not authorized"

Ujumbe huu, ambao huja na namba 002003, umechanganya mambo mawili kwa makusudi. Snowflake haitaki kumwambia asiye na ruhusa kama kitu kipo au hakipo, kwa hiyo "hakipo" na "hukiruhusiwi" hupewa jibu moja. Usitumie ujumbe huu kama ushahidi kwamba kitu kimefutwa.

Anza na jina. Kama aliyesakinisha aliandika `"Mizigo App"` ndani ya alama mbilimbili za kunukuu, jina limehifadhiwa hivyohivyo, na herufi zake na nafasi yake. Itabidi nawe uliandike hivyohivyo, na alama zake, maisha yote ya programu hiyo. Nakili jina kutoka kwenye safuwima ya `name`, usilikisie. (Kwa maoni yangu majina ya namna hii yangepigwa marufuku ofisini, yanapendeza kwenye skrini na kusumbua kila mahali pengine.)

Jina likiwa sawa, rudi kwenye ruhusa, safari hii za ndani. Kuiona programu si sawa na kuona vilivyomo. Mtengenezaji huchagua meza zipi, taratibu zipi na kurasa zipi zifunguliwe kwa jukumu lipi la ndani. Visivyofunguliwa havionekani hata kwa aliyesakinisha. Jaribu:

```sql
SHOW OBJECTS IN APPLICATION mizigo_app;
SHOW SCHEMAS IN APPLICATION mizigo_app;
```

SHOW OBJECTS, licha ya jina lake pana, huonyesha meza na mionekano ya data tu, yaani TABLE na VIEW. Ukitafuta utaratibu au funksheni, tumia SHOW PROCEDURES au SHOW FUNCTIONS. Watu wengi wamehitimisha kwamba programu "haina kitu ndani" kwa sababu walitumia SHOW OBJECTS kwa programu ambayo kazi yake yote iko kwenye taratibu.

Kama ni nyinyi mnaoitengeneza, na programu ya majaribio iko kwenye akaunti ileile yenye kifurushi, ipo njia ya kufunua kila kitu: `ALTER APPLICATION mizigo_app SET DEBUG_MODE = TRUE;`. Inafanya kazi kwa programu iliyowekwa moja kwa moja kutoka kwenye toleo au faili zenu, na kwa jukumu lenye ruhusa ya kuendeleza kifurushi hicho. Kwa programu mliyonunua kwa mtu haifanyi, na hakuna hila ya kuizunguka. Mpigie mtoaji.

Dalili: nataka kuchuja orodha kwa SELECT, inakataa

Njia ya kawaida ni kuendesha SHOW, kisha kuyasoma matokeo yake:

```sql
SHOW APPLICATIONS;

SELECT "name", "owner", "version", "patch", "created_on"
FROM TABLE(RESULT_SCAN(LAST_QUERY_ID()))
WHERE "comment" ILIKE '%bandari%';
```

Ukiona "invalid identifier 'NAME'", umeacha alama mbilimbili. Safuwima za SHOW zina majina ya herufi ndogo, na bila alama hizo Snowflake huligeuza jina kuwa kubwa na kulikosa. Hili ndilo kosa la kila siku.

Ukiona "No active warehouse selected", huna injini ya kuchakata (warehouse). SHOW yenyewe haihitaji injini, ndiyo maana mstari wa kwanza ulipita, SELECT inaihitaji. Andika `USE WAREHOUSE` na jina la mliyopewa. Chagua ndogo, kwa kuwa orodha ya programu chache haihitaji injini ya kuchakata mauzo ya mwaka mzima, na kila sekunde inayowaka inalipiwa kwa dola.

Ukipata matokeo ya ajabu yasiyohusiana na programu, basi kati ya SHOW na SELECT kuna amri nyingine iliyopita. LAST_QUERY_ID() hushika ulizo la mwisho la kikao hicho, liwe lolote. Kwenye skripti inayotumia bwawa la miunganisho, yaani miunganisho kadhaa inayotumiwa kwa zamu, SHOW yaweza kwenda kwa kikao kimoja na SELECT kwa kingine, na hapo mtatafutana sana. Dawa ni kuhifadhi kitambulisho cha ulizo mara tu baada ya SHOW, au kuziunganisha mbili kuwa moja kwa alama ya mtiririko:

```sql
SHOW APPLICATIONS
->> SELECT "name", "version" FROM $1 WHERE "owner" = 'MSIMAMIZI_MIZIGO';
```

Matokeo ya SHOW hukaa saa 24 tu, na ni aliyeendesha amri peke yake anayeweza kuyasoma. Usimtumie mwenzako kitambulisho cha ulizo la jana ukitarajia aone ulichoona wewe.

Dalili: kwenye kivinjari inaonekana, kwenye skripti haionekani

Tumerudi kwenye jukumu. Kwenye kivinjari umeingia kwa jina lako, na pengine majukumu yako yote yamewashwa. Skripti imeingia kwa mtumiaji wa huduma mwenye jukumu lake la chaguo-msingi. Weka ule mstari wa CURRENT_ROLE() ndani ya skripti yenyewe, ichapishe jibu, ulinganishe. Kisha taja jukumu waziwazi kwenye mipangilio ya muunganisho, usitegemee chaguo-msingi ambalo mtu anaweza kulibadilisha Ijumaa jioni bila kukuambia.

Kama skripti haifiki hata kwenye SHOW, soma ujumbe. "Authentication token has expired" maana yake kikao kimezeeka, ingia upya. Kama mtumiaji ameundwa kwa aina ya SERVICE, hawezi kuingia kwa nywila hata iwe sahihi kiasi gani. Anahitaji jozi ya funguo au njia nyingine isiyo ya nywila. Ufunguo wa siri usiuweke ndani ya skripti, na usiutume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Dalili: siwezi kuunganishwa kabisa

Tenga hili na yote yaliyotangulia: mtandao mbovu haukupi orodha tupu. Hukupa kimya, kuzunguka kusikoisha, au kosa la muunganisho. Ukipata orodha tupu, mtandao umefanya kazi yake.

Sababu ya mara kwa mara hapa kwetu huanza na stima kupotea. Ofisini umeme umekatika, ruta imezimika, umewasha hotspot ya simu uendelee na kazi. Snowflake inajibu: "Incoming request with IP ... is not allowed to access Snowflake". Msimamizi ameweka sera inayokubali anwani za IP za ofisi tu, na simu yako imekuja na anwani ya kampuni ya simu. Anwani za simu hubadilika na hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo usimwombe msimamizi aiongeze hiyo ya leo. Kesho itakuwa nyingine, na mlango mtakuwa mmewafungulia wengine. Omba VPN ya ofisi. Aliyeko Bamburi au Likoni akifanya kazi nyumbani anahitaji dawa hiyohiyo.

Inayofuata ni kufungiwa. Ukikosea nywila mara tano mfululizo, akaunti ya mtumiaji hufungwa kwa dakika 15. Kuendelea kubahatisha hakusaidii. Ondoka mezani, rudi baada ya robo saa. Kama hukukosea nywila wewe na bado umefungiwa, skripti fulani inatumia nywila yako ya zamani, au mtu anabahatisha jina lako. Hapo usingoje robo saa, mwambie msimamizi papo hapo.

Ukiona "404 Not Found", kitambulisho cha akaunti kimekosewa. Kwenye muunganisho huandikwa jina la shirika, kistari, kisha jina la akaunti. Ndani ya SQL huandikwa kwa nukta. Watu huvichanganya.

Kama ni ofisi nzima haiunganishwi ilhali mtu wa nje anaweza, huenda ukuta wa mtandao wa ofisi umefungwa. Aliyeunganishwa aendeshe `SELECT SYSTEM$ALLOWLIST();` na ampe fundi wa mtandao jibu lake. Ni orodha ya anwani na milango inayotakiwa kuachwa wazi. Kazi hiyo ni yake. Wewe usibadilishe ruta.

Mwisho kabisa, nyaya za baharini. Mombasa ndipo zinapotua: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Hilo huwafanya watu waamini intaneti ya hapa haiwezi kuyumba. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Data yako huenda imehifadhiwa Ulaya au kwingine mbali, CURRENT_REGION() itakwambia, na njia ya kuifikia ni hizo nyaya. Siku kama hiyo tovuti nyingine za nje nazo zitasuasua. Ukiona hivyo, acha kugusa mipangilio, subiri.

Dalili: programu inaonyesha imesakinishwa jana, na mimi nimeisakinisha leo

Saa za kikao chako ni za Los Angeles, ambazo ndizo chaguo-msingi la Snowflake. Saa 3 asubuhi Mombasa, kule huwa ni saa 5 ya usiku wa kuamkia siku hiyo, na katika miezi yao ya baridi saa 4. Andika `ALTER SESSION SET TIMEZONE = 'Africa/Nairobi';` kisha rudia amri. Hakuna aliyeichezea programu.

Dalili: toleo halibadiliki ingawa mtoaji anasema ametoa jipya

Safuwima za `version` na `patch` huonyesha kilichopo kwako, si kilichotangazwa. Masasisho hayafiki kwa wote kwa dakika moja. Tumia `DESCRIBE APPLICATION mizigo_app;` na usome `upgrade_state`, na `upgrade_failure_reason` kama imejazwa. Ikiwa imeshindwa, nakili maneno yale kama yalivyo umpelekee mtoaji. Usifute ili usakinishe toleo jipya kwa mkono.

Dalili: naona programu nisiyoijua

Soma `source`, `owner` na `created_on` kwanza. Mara nyingi ni mwenzako wa idara ya fedha alijaribu kitu cha sokoni akakisahau. Muulize. Kisha angalia imepewa nini:

```sql
SHOW PRIVILEGES IN APPLICATION jina_la_programu;
SHOW GRANTS TO APPLICATION jina_la_programu;
```

Kama hakuna anayejua nani aliisakinisha, na imepewa ruhusa ya kusoma data yenu, acha kila kitu. Usiifute: ukiifuta unaondoa ushahidi wa ilichokifanya. Mwite anayehusika na usalama aizuie ruhusa zake na kuhifadhi kumbukumbu za maulizo. Ikibainika mtu asiyeruhusiwa amezifikia taarifa za watu, yaani majina ya wateja, PIN za KRA, namba za simu, na kuna hatari ya kweli kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa wakati wewe bado unajadiliana na mwenzako kama ni virusi au siyo, kwa hiyo andika saa uliyoiona programu hiyo kwa mara ya kwanza, na uikabidhi pamoja na kitambulisho cha ulizo ulichopata kwa `SELECT LAST_QUERY_ID();`.